Saratani Kali ya Matiti Uzeeni: Umri Peke Yake Hauamui Tiba

Katika familia nyingi za mkoa wa Kilimanjaro, mama wa miaka sabini na kitu akigundua uvimbe kwenye titi mwezi wa Agosti, humwambia kwanza mkwewe anayeishi naye. Mkwe huwapigia simu watoto walioko Dar es Salaam na Arusha, na mara nyingi wote hukubaliana kwamba suala hilo litazungumzwa Desemba, ndugu watakapopanda nyumbani kwa ajili ya Krismasi. Uamuzi huo hutokana na heshima, kwa sababu hakuna anayetaka kuonekana amemchukua mama na kumpeleka hospitali bila wenzake kujua. Hata hivyo, ipo saratani ya matiti ambayo haisubiri kikao. Katika miezi minne aina hiyo inaweza kutoka kwenye titi, ambako upasuaji pamoja na dawa vingeweza kuiponya, ikaingia kwenye mitoki ya kwapa, mapafu au ini.

Ukali wa saratani haupimwi kwa maumivu, kwani uvimbe wa saratani mara nyingi hauumi kabisa, na hilo ndilo huwafanya wengi waupuuze. Ukali hujulikana maabara. Daktari huchukua kinyama kwa sindano nene, na mtaalamu wa patholojia hukiangalia kwa hadubini ili kujua chembe za saratani zimebadilika kiasi gani na zinagawanyika kwa kasi gani, kisha huipa saratani daraja kuanzia 1 hadi 3, la 3 likiwa kali zaidi. Baada ya hapo hupimwa mambo matatu: vipokezi (sehemu za chembe zinazopokea homoni) vya homoni ya estrojeni, vipokezi vya homoni ya projesteroni na protini iitwayo HER2. Saratani isiyo na hata kimoja kati ya hivyo huitwa hasi tatu, na hiyo pamoja na ile yenye HER2 nyingi ndizo zinazokua na kusambaa haraka. Ni kweli kwamba saratani nyingi za matiti za wanawake wazee huwa na vipokezi vya homoni na hukua taratibu, lakini nyingi si zote, na saratani hasi tatu huonekana kwa kiwango kikubwa zaidi miongoni mwa wanawake wa Kiafrika kuliko wa Ulaya. Kwa hiyo anayesema kwamba saratani ya mzee hukua polepole kabla majibu ya vipokezi hayajatoka anabahatisha.

Majibu hayo yanategemea pia jinsi kinyama kilivyotunzwa. Kinatakiwa kiingizwe kwenye formalini, dawa ya maji ya kukihifadhi, mara tu baada ya kuchukuliwa, na kikae humo kwa saa 6 hadi 72 kabla ya kuandaliwa. Kikicheleweshwa mezani, au kikisafirishwa siku nyingi kwenye kopo lenye dawa kidogo, vipokezi huharibika na karatasi ya majibu inaweza kusema hasi mahali ambapo ukweli ni chanya. Ndiyo maana daktari anapoagiza kinyama kirudiwe, familia isidhani kwamba anawazungusha. Kipimo kibovu kinaweza kumnyima mama dawa ya vidonge iliyokuwa inamfaa, au kumwingiza kwenye matibabu makali asiyoyahitaji.

Ipo sura moja ya saratani kali ambayo hupotosha hata watoa huduma. Titi huvimba lote, likawa jekundu au jeusi kuliko mwenzake, likapata joto, na ngozi yake ikawa na vitundu kama ganda la chungwa, wakati mwingine bila uvimbe wowote unaoshikika. Mama hupewa antibaiotiki kwa kudhaniwa ana jipu, zikiisha huongezewa nyingine, na wiki zinapita. Jipu la titi ni ugonjwa wa kawaida kwa mama anayenyonyesha. Mwanamke wa miaka 70 hanyonyeshi, na titi lake likivimba na kuwa jekundu bila kupata nafuu ndani ya wiki moja au mbili za dawa, anapaswa kupewa rufaa ili achukuliwe kinyama. Chuchu inayoingia ndani ilhali haikuwa hivyo, au inayotoa damu, nayo ina uzito huohuo.

Kosa jingine linalofanywa kwa nia njema ni kumwandikia mama mzee vidonge vya tamoksifeni bila kupima vipokezi, kwa hoja kwamba ameshazeeka asisumbuliwe na matibabu mazito. Tamoksifeni huziba kipokezi cha estrojeni. Kama kipokezi hakipo, hakuna cha kuziba, na mama atameza kidonge kila siku huku uvimbe ukiendelea kukua. Kumwonea mtu huruma kwa namna hiyo ni kumkosesha tiba, hata kama aliyeandika dawa hakukusudia hivyo.

Je, mama wa miaka 75 anaweza kuvumilia dripu za saratani, yaani kemotherapia? Swali hili haliwezi kujibiwa kwa kuangalia tarehe ya kuzaliwa. Tunachopima sisi madaktari ni akiba ya nguvu iliyobaki mwilini. Humwomba mama ainuke kwenye kiti, atembee mita tatu, ageuke, arudi na kuketi, na muda anaotumia hutueleza mengi kuhusu miguu yake na hatari ya kuanguka. Huuliza kama amepungua uzito, kama anapika na kuoga mwenyewe, kama anasahau, na nani analala naye nyumbani. Kisha huomba mfuko wa dawa. Mfuko huo ukimwagwa mezani mara nyingi hutoa metformini ya kisukari, amlodipini ya presha, aspirini ndogo, diklofenaki ya magoti iliyonunuliwa dukani, na chupa ya soda iliyojazwa mitishamba. Diklofenaki huumiza figo, na figo dhaifu hubadilisha dozi ya dawa kadhaa za saratani. Deksamethasoni, inayotolewa kabla ya dripu ili kuzuia kutapika na mzio, hupandisha sukari, hivyo mwenye kisukari lazima apangiwe mapema jinsi ya kupima na kurekebisha dozi. Kuhusu chupa ya mitishamba hatugombi. Tunataka tu kujua kilichomo, na tunaomba iwekwe pembeni wakati wa dripu, kwa kuwa baadhi ya mimea huongeza sumu kwenye ini. Wanaokumbuka foleni za magari kuelekea Samunge, Loliondo, mwaka 2011, watu walipofuata kikombe cha mitishamba cha Babu, wanajua jinsi mgonjwa anavyoweza kuacha dozi akiwa na imani yote, na ugonjwa usiache.

Baada ya tathmini hiyo, wapo akina mama wa miaka 78 wanaoweza kupewa matibabu kamili, na wapo wa miaka 66, wenye moyo uliochoka na figo dhaifu, wanaohitaji mpango mwepesi. Kupunguza tiba bila sababu ya kitabibu kuna gharama yake. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2009 uliwahusisha wanawake 633 wenye umri wa miaka 65 na kuendelea waliokuwa na saratani ya matiti ya hatua za awali. Kundi moja lilipewa kidonge cha kapesitabini peke yake, na jingine likapewa mchanganyiko wa dawa za kawaida. Waliopewa kidonge peke yake walikuwa na uwezekano wa takribani mara mbili wa saratani kurudi au wa kufariki, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa wale ambao saratani zao hazikuwa na vipokezi vya homoni. Ikumbukwe kwamba wote walikuwa wazee. Kilichowatofautisha ni tiba waliyopata.

Kwa saratani yenye HER2 nyingi mizani ni tofauti kidogo. Trastuzumabu, dawa ambayo Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2015, huishambulia protini hiyo moja kwa moja, na kwa kawaida hutolewa kila baada ya wiki tatu kwa mwaka mmoja pamoja na dawa nyingine za dripu. Utafiti wa Japani uliochapishwa mwaka 2020 uliwachukua wanawake wa miaka 70 hadi 80 na kulinganisha trastuzumabu peke yake na trastuzumabu iliyochanganywa na dripu nyingine. Baada ya miaka mitatu, asilimia 89.5 ya kundi la kwanza walikuwa hai bila ugonjwa kurudi, dhidi ya asilimia 93.8 ya kundi la pili, ilhali kundi la kwanza liliishi kwa nafuu zaidi katika kipindi cha matibabu. Kwa maoni yangu, hapo kuna nafasi halali ya mama mwenyewe kuchagua. Anayejisikia na nguvu aende na tiba kamili, na ambaye mwili wake hauwezi bado anayo njia yenye maana. Sharti moja halina mjadala: moyo upimwe kwa ultrasound kabla ya kuanza na kila baada ya miezi mitatu, kwa sababu trastuzumabu inaweza kuudhoofisha, na doksorubisini, mojawapo ya dawa za dripu, vilevile.

Upasuaji, ambao familia huuogopa kuliko yote, kwa kawaida ndio sehemu ambayo wazee huivumilia vizuri, ilimradi presha na sukari vimetulizwa. Uvimbe ukiwa mkubwa, au kwapa likiwa limeshaguswa, dripu hutangulia ili kuupunguza, na kisu hufuata.

Hatari kubwa ya dripu ni maambukizi, hasa kati ya siku ya 7 na ya 14, chembe nyeupe za damu zinaposhuka. Kila nyumba yenye mgonjwa wa namna hii iwe na kipimajoto. Joto likifika nyuzi 38, safari ya hospitali ni usiku huohuo, na parasetamoli isitangulie kipimo kwa kuwa itaficha homa. Ila mzee anaweza kuwa na maambukizi makali bila homa yoyote. Mama aliyekuwa akisalimiana vizuri asubuhi, akawa mzito wa kuamka mchana, akachanganya majina ya wajukuu au akakataa hata uji, huyo ni mgonjwa wa dharura. Ganzi ya vidole na nyayo inayoletwa na paklitakseli, dawa nyingine ya dripu, nayo isichukuliwe kama uzee, kwani mama asiyehisi nyayo zake huteleza kwenye njia za kihambani, yaani za shamba la nyumbani, zenye utelezi wa masika, na mfupa wa nyonga ukivunjika unaweza kummaliza kabla ya saratani. Aseme mapema, dozi irekebishwe. Aliyeondolewa mitoki ya kwapa akikata majani ya ng'ombe avae glavu, na jeraha lolote katika mkono huo lisafishwe papo hapo. Kuhusu chakula, mtori wenye nyama, mayai, maharage na maziwa vinatosha. Hakuna haja ya kumnyima ndizi kwa kuogopa kwamba sukari inalisha saratani, maana kukonda kunamdhuru zaidi.

Sasa nirudi kwenye kikao. Mara nyingi mtoto wa kiume wa kwanza hutufuata koridoni na kusema, "Daktari, mama asiambiwe neno saratani, atakata tamaa." Ninamwelewa. Lakini mama huyo amewahi kuzika mume, amelea watoto na kusimamia shamba la kahawa, na mara nyingi anajua zaidi ya wanavyodhani. Njia ninayoipendekeza ni kumuuliza yeye mwenyewe, watoto wakiwapo: "Shikamoo mama. Majibu yamekuja. Ungependa tukueleze wewe yote, au tumweleze nani kwa niaba yako?" Wapo wanaojibu, "Mwambieni huyu kitindamimba wangu, ndiye ninayekaa naye," na hilo ni chaguo lake halali. Wapo wanaojibu, "Niambie mimi, mwanangu, titi ni langu." Asiyeambiwa lolote hawezi kutueleza kwamba mkono umeanza kufa ganzi, wala hawezi kusema kwamba kwake ni bora kubaki na akili timamu na kutembea hadi kanisani au msikitini kuliko kuongezewa miezi michache ya kulala kitandani. Kauli kama hizo zinabadilisha mpango wa tiba.

Umbali na fedha ni mambo yanayopaswa kupangwa siku ya kwanza. Njia ya kawaida ni kutoka zahanati kwenda hospitali ya wilaya, kisha hospitali ya mkoa, Mawenzi kwa walioko Kilimanjaro au Mount Meru kwa walioko Arusha, hadi hospitali ya rufaa ya kanda ya KCMC. Shirika la Afya Duniani limeweka lengo kwamba uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kwa mara ya kwanza, na familia ina haki ya kuuliza kila hatua itachukua muda gani. Kwa miaka mingi wagonjwa wa kaskazini wamesafiri hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, kwa ajili ya mionzi na kupanga vyumba huko kwa wiki kadhaa. Waulizeni madaktari kuhusu ratiba fupi: wiki tatu sasa ni jambo la kawaida, na utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa wanaofaa, vipindi vitano ndani ya wiki moja vilizuia saratani kurudi sawa na vile vya wiki tatu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na asiye na uwezo aonane na afisa ustawi wa jamii kuhusu msamaha kabla ya deni kurundikana, si baada ya hapo.

Saratani iliyokwisha kusambaa haiponi, lakini hutibiwa. Tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza maumivu na mateso ya mgonjwa, ambayo hospitali ya Selian huko Arusha imejijengea jina kwayo, inaweza kuanza sambamba na dripu, na morfini ya maji ikitolewa kwa kipimo sahihi haiharakishi kifo wala haimfanyi bibi kuwa mlevi, inamwezesha kulala. Kwa aliyemaliza matibabu ya saratani hasi tatu, miaka mitatu ya kwanza ndiyo yenye hatari kubwa zaidi ya ugonjwa kurudi, kwa hiyo kliniki huwa kila baada ya miezi mitatu hadi sita, na titi lililobaki hupigwa picha ya mamografia kila mwaka. Katika kipindi hicho, maumivu mapya ya mgongo yanayoambatana na miguu kukosa nguvu au kushindwa kuzuia mkojo yasisubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Uti wa mgongo ukibanwa na saratani, uwezo wa kutembea unaweza kupotea kabisa ndani ya siku chache, na anayefika akiwa bado anasimama ndiye mwenye nafasi kubwa ya kuendelea kutembea.