Git ipo, lakini nani kagusa seva? Dhana potofu kuhusu udhibiti wa mabadiliko ya mifumo

Taasisi nyingi zenye makao makuu Dodoma zinafanana: kitengo cha TEHAMA kiko Mtumba, kwenye mji wa Serikali, au mjini kati, seva ziko kwenye kituo cha data, mkandarasi yuko Dar es Salaam, na watumiaji wametawanyika kwenye halmashauri. Kwa mpangilio huo zana za kudhibiti mabadiliko ya programu ni za lazima. Nazo hukwama, mara nyingi kwa sababu ya imani zinazorudiwa kwenye kila kikao.

Dhana: Tukishafunga Git na GitLab, mabadiliko yamedhibitiwa

Git, programu ya kutunza kumbukumbu za mabadiliko ya msimbo aliyoianzisha Linus Torvalds, mwasisi wa Linux, mwaka 2005, hutunza kile inachopewa tu; GitLab ni mfumo wa kuhifadhia na kuhakikia kazi hiyo kwa pamoja. Faili likihaririwa moja kwa moja kwenye seva, Git haina habari.

Chukua mamlaka ya maji. Ijumaa jioni bei ya uniti inatakiwa ibadilike. Fundi anaingia kwenye seva, anafungua faili la mipangilio, anaandika bei mpya, anawasha huduma upya. Ankara zinatoka sawasawa. Wiki tatu baadaye toleo jipya linapelekwa kutoka kwenye hazina ya msimbo (ghala la Git lenye maandishi ya programu na historia yake), ambako bei ya zamani bado imekaa, na ile mpya inafutwa. Aliyepeleka toleo amefuata utaratibu wote, kwa hiyo lawama inaanza kuzunguka huku wateja wakipokea ankara zenye bei ya zamani.

Kinachosaidia ni kuingiza faili za mipangilio kwenye hazina, kila mazingira na faili lake: ya usanidi, ya majaribio na ya kazi halisi. Kisha seva za kazi halisi ziguswe na akaunti moja tu ya kupelekea matoleo. Iwepo akaunti ya dharura, ila kila inapotumika tiketi (kumbukumbu ya kazi iliyofanywa) ifunguliwe, na badiliko lirudishwe kwenye hazina kabla ya saa sita mchana siku ya kazi inayofuata.

Usiku, Ansible, zana ya kupanga seva kiotomatiki, iendeshwe kwa `--check --diff`. Hapo inalinganisha seva na hazina bila kubadilisha kitu, na tofauti zinatumwa kwa barua pepe. Tahadhari moja: kazi zilizoandikwa kwa moduli za `shell` na `command`, yaani zinazoendesha amri moja kwa moja kwenye seva, kwa kawaida hurukwa kwenye ukaguzi huo, kwa hiyo ripoti safi haithibitishi kila kitu. Kwa seva za Linux kuna pia etckeeper, inayoweka folda ya `/etc` ndani ya Git. Tunashauri ukaguzi uanze kabla ya kubana ruhusa. Ripoti za mwanzo huwa ndefu kiasi cha kuaibisha, lakini ndizo zinazoonyesha ni nini kinaishi kwenye seva na hakipo kwenye hazina.

Dhana: Nywila iliyoingia kwenye hazina kwa bahati mbaya ikifutwa, yameisha

Hayajaisha. Kufuta ni badiliko jipya juu ya lile la zamani, na yeyote mwenye nakala anaweza kurudi nyuma akaisoma. Hatua ya kwanza ni kubadilisha nywila yenyewe, siku hiyohiyo. Kusafisha historia kwa `git filter-repo` kunafuata, na baada ya hapo kila msanidi afute nakala yake na kuchukua mpya, la sivyo mmoja atairudisha historia chafu bila kujua. Kanuni hiyo iguse pia nakala za kanzidata zenye taarifa za wananchi. Tangu kuanza kutumika kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, data halisi ndani ya hazina ya majaribio ni tatizo la kisheria pia.

Dhana: Kuhama kutoka Subversion ni kunakili mafaili

Subversion, mfumo wa zamani wa kazi ileile ya Git, hurekodi jina la mtumiaji, Git inataka jina na barua pepe. Andaeni faili la kulinganisha, mstari mmoja kwa kila mtu, wakiwemo waliokwisha kuhamishwa au kustaafu. Git haitunzi folda tupu. Mfumo unaotegemea folda tupu ya kupokelea nyaraka utagoma siku ya kwanza. `Malipo.php` na `malipo.php` ni mafaili mawili kwenye Linux, na ni faili moja kwenye kompyuta nyingi za Windows. Na miisho ya mistari ya Windows na Linux ikichanganyika, mhakiki ataona faili zima limebadilika wakati mwenzake amegusa mstari mmoja. Faili la `.gitattributes` lenye `* text=auto`, linalosawazisha miisho hiyo, liwekwe mapema.

Historia yote haihitaji kuhamishwa. Subversion ibaki ya kusoma tu.

Dhana: Kila msanidi ana nakala, backup ya nini?

Nakala hizo zina msimbo na historia. Hazibebi ruhusa, mijadala ya uhakiki wala tiketi. Hata amri ya `gitlab-backup create` inaacha nje `gitlab.rb` na `gitlab-secrets.json` zilizo kwenye `/etc/gitlab`. Ukikosa hilo la pili, siri zilizosimbwa ndani ya mfumo hazifunguki tena. Yahifadhiwe kando, mahali salama. Pia backup hurejeshwa kwenye toleo lilelile la GitLab, kwa hiyo andikeni namba ya toleo, na jaribuni kurejesha kwenye mashine tupu.

Dhana: Hii ni kazi ya wasanidi

Wahusishwe pia watu wa kanzidata, wa mtandao na, hasa, wa ununuzi. Mkandarasi anayekabidhi mfumo kwa flashi yenye faili la zip amekabidhi picha ya siku moja. Mkataba utamke kwamba hazina ni mali ya taasisi tangu siku ya kwanza, na kwamba malipo ya mwisho yatatoka pale mtumishi wa taasisi, peke yake, kwenye kompyuta isiyo na kitu, atakapoujenga mfumo kutoka kwenye hazina hadi ukawaka. Akaunti ziwe za watu binafsi. Ile ya pamoja iitwayo `admin` haimtaji mtu yeyote, na uhamisho wa mtumishi unaiacha wazi.

Dhana: Waraka ukitoka, Jumatatu wote wanaanza

Anzeni na timu moja ya watu sita hadi wanane na mfumo mmoja unaobadilika mara kwa mara, kwa wiki sita. Kila badiliko lihakikiwe na mtu mwingine kabla ya kuunganishwa kwenye tawi kuu (mkondo rasmi wa msimbo), na tawi la kazi, yaani mkondo wa pembeni wa msanidi, lisizidi siku chache. Kisha ongezeni timu mbili au tatu kwa mkupuo.

Tazameni na kalenda. Aprili hadi Juni wakuu wako kwenye Bunge la bajeti, na tarehe 30 Juni mwaka wa fedha unafungwa. Mfumo wa malipo usiguswe wakati huo isipokuwa kurekebisha hitilafu. Agosti hadi Oktoba kuna nafasi, na uhamishaji wenyewe ufanyike Jumamosi, hazina ya zamani ikiwa imefungwa kuandikwa tangu Ijumaa jioni.