Sindano ya seli shina na goti lililosagika

Wengi wanaamini kwamba goti lililosagika likichomwa sindano ya seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, gegedu huota upya. Tumaini hilo linaeleweka. Kushindwa kuinuka mkekani bila kushikwa mkono ni mateso.

Gegedu, tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, halina mishipa ya damu, ndiyo maana likilika halijirekebishi kwa urahisi. Seli zinazochotwa kwenye uboho au mafuta ya mgonjwa huenda zikawapunguzia baadhi ya watu maumivu, lakini haijathibitishwa kwamba sindano hiyo hurudisha gegedu. Hata sindano ya maji ya chumvi huwaletea wengi nafuu, kwa hiyo ushuhuda wa jirani hautoshi. Korea Kusini iliidhinisha mwaka 2012 tiba ya seli shina zitokanazo na damu ya kitovu cha mtoto mchanga, ila hiyo hupandikizwa kwa upasuaji.

Ukishawishiwa, uliza: matokeo yamelinganishwa na sindano isiyo na dawa? Utafiti umesajiliwa kwa namba gani? Itafute mwenyewe kwenye intaneti. Ukitozwa fedha nyingi ili ushiriki utafiti, nakusihi usite kwanza. Mazoezi ya misuli ya paja yanasaidia kweli, na kila kilo 1 unayopungua huliondolea goti mzigo wa takriban kilo 4 kwa kila hatua.