Sinema Yenye Giza: Unachostahili Kuona na Namna ya Kulalamika

Kila inapokaribia tarehe 15 Machi, Siku ya Haki za Watumiaji Duniani, elimu ambayo sisi wa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya tunatoa kwa umma hulemea upande wa unga, mafuta, dawa na mikopo ya simu. Ni sawa, kwa kuwa hayo yanagusa maisha ya kila mtu. Hata hivyo burudani ya kulipia nayo ni huduma, na malalamiko kuhusu kumbi za sinema zenye picha hafifu yanazidi kutufikia. Mengi tunashindwa kuyafanyia kazi, si kwa sababu mlalamishi hana haki, bali kwa sababu ametuandikia mstari mmoja tu: "Muvi ilikuwa na giza, nataka pesa zangu." Kwa mstari huo hakuna afisa anayeweza kufungua faili.

Kwanza kiwango. Sinema ya dijitali ina vipimo vyake vya kimataifa, vilivyotolewa mwaka 2005 na muungano wa studio kubwa za Hollywood na kuendelezwa na wahandisi wa fani hiyo. Kwa filamu ya kawaida, isiyo ya 3D, weupe kamili katikati ya skrini unatakiwa kuwa kandela (kipimo cha ukali wa mwanga) 48 kwa kila mita ya mraba. Kwenye kumbi za umma huruhusiwa kupungua au kuzidi kwa takriban kandela 10. Pembeni na kwenye kona mwanga unaweza kushuka kidogo kuliko katikati, lakini usiwe chini ya asilimia 70. Kipimo huchukuliwa kwa mita maalum kutoka sehemu ya watazamaji, taa ikiwa imeshapata moto, lenzi na kioo cha dirisha la chumba cha projekta vikiwa mahali pake. Fundi anayekupa namba ya mwanga unaotoka kwenye projekta hajajibu swali, kwa sababu mtazamaji haangalii projekta, anaangalia skrini.

Hapa lazima niseme jambo ambalo tumelirudia mpaka tumechoka. Kandela 48 si mwanga mkali. Simu nyingi za sasa, ukifungua mwanga wote, hutoa kandela 400 na zaidi. Sinema haikukusudiwa kung'aa kama simu. Jicho huzoea giza la ukumbi, na ndani ya giza hilo mwanga ule mdogo hutosha na kupendeza. Anayechungulia WhatsApp kila baada ya dakika tano hulinyima jicho lake nafasi ya kuzoea, na kulinyima la jirani yake pia. Baadhi ya malalamiko yanayotufikia yanatoka kwa watu hawa. Tunawasikiliza kama wengine wote, lakini ukumbi hauwezi kutozwa faini kwa sababu ya simu ya mteja.

Dhana nyingine ni kwamba picha ya 4K lazima iwe na mwanga zaidi. 4K ni hesabu ya nukta za picha, 4096 kwa 2160, wakati 2K ni 2048 kwa 1080. Haihusiani na mwanga. Projekta ya 2K yenye taa nzima na lenzi safi itakupa picha ya kupendeza kuliko ya 4K iliyochoka. Vilevile ukubwa wa skrini peke yake si sifa: mwanga uleule ukitandazwa juu ya eneo kubwa zaidi, kila sehemu inapata kidogo.

Sasa, giza linatoka wapi? Mara nyingi linatoka kwenye taa. Projekta nyingi ambazo bado zinafanya kazi zinatumia taa ya zenoni (aina ya gesi), na taa hiyo hufifia polepole kuanzia siku inapofungwa. Ndogo ya kilowati 2 hudumu zaidi ya saa elfu moja. Kubwa za kilowati 6 au 7 dhamana yake mara nyingi ni saa mia chache tu. Ni ghali, na kuibadilisha ni kazi ya hatari kwa sababu gesi iliyomo ina shinikizo kubwa. Fundi huvaa kinga ya uso na mikono. Kwa hiyo kishawishi cha kuiongezea mwezi mmoja, kisha mwingine, ni kikubwa. Wapo pia wanaopunguza umeme unaoingia kwenye taa wakiamini wanaweka akiba. Akiba hiyo mtazamaji ndiye anayeilipia. Projekta za leza zimepunguza tatizo hili, kwa kuwa chanzo chake cha mwanga huhesabiwa kwa makumi ya maelfu ya saa, lakini nazo hufifia, na kwa vile hakuna taa ya kubadilisha, wenye kumbi wengine husahau kupima kabisa.

Baada ya taa ni uchafu. Kati ya projekta na skrini pana kile kioo cha dirisha. Vumbi likitua, na mvuke wa mafuta ya bisi ukapanda na kuganda juu yake, kioo kinakuwa kama cha chemli kilichopata masizi: moto upo ndani, mwanga haufiki nje. Hata kikiwa safi, kioo cha kawaida kisichopakwa dawa ya kuzuia kuakisi mwanga hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya mwanga. Kitambaa sahihi, dawa sahihi, dakika chache. Sielewi kwa nini ukumbi unaouza tikiti kila siku uangushwe na kazi ndogo namna hii.

Skrini yenyewe pia ina mambo yake. Kumbi zinazoonyesha 3D kwa miwani ya kuchuja mwanga huhitaji skrini yenye rangi ya fedha. Skrini hiyo hurudisha mwanga mwingi kuelekea katikati na kidogo kuelekea pembeni, kwa hiyo aliyekaa kiti cha ukingoni ataona picha yenye giza kuliko aliyekaa katikati, ingawa wote wamelipa bei moja. Na kwa 3D kwa jumla, wananchi wajue kwamba mfumo wenyewe unakula mwanga mwingi kabla haujafika machoni. Kwa miaka mingi kumbi zimeridhika na kandela kama 15 nyuma ya miwani, yaani chini ya theluthi ya kiwango cha filamu ya kawaida. Anayelalamika kwamba 3D ina giza kuliko 2D anaelezea jinsi kifaa kinavyofanya kazi, na lalamiko hilo peke yake halitoshi.

Linalotosha ni pale giza la 3D linapohamia kwenye filamu ambayo si ya 3D. Mwaka 2011 gazeti la Boston Globe la Marekani liliandika kuhusu kumbi zilizoacha lenzi ya 3D kwenye aina fulani ya projekta za 4K huku zikionyesha filamu za kawaida, na watazamaji wakakaa gizani bila kujua sababu. Dalili yake mtu yeyote anaweza kuitambua. Geuka uangalie dirisha la chumba cha projekta: ukiona miale miwili imepangana mmoja juu ya mwingine, na filamu yako haihitaji miwani, muulize msimamizi kuhusu lenzi. Projekta za aina ile hazipatikani kila mahali, na mwale mmoja hauthibitishi kwamba kila kitu ki sawa, lakini kugeuka ni bure.

Ukumbi mara nyingi utakujibu kwamba filamu yenyewe ilipigwa gizani. Wakati mwingine ni kweli. Wapo waongozaji wanaopenda vivuli. Ndiyo sababu tunawashauri watazamaji wapime wakati wa matangazo ya filamu zijazo, siyo kwenye tukio la usiku la filamu kuu. Angalia maandishi meupe, mawingu, shati jeupe. Yawe meupe. Yakiwa ya kijivu au yenye ukahawia kwenye kila tangazo, mwongozaji hahusiki. Angalia kama maandishi yamekolea katikati na pembeni pia, kama picha imeelekea kijani au zambarau, kama mwanga wa taa ya njia ya kutokea unamwagika juu ya skrini. Lile la mwisho halihitaji fundi kuligundua, ingawa taa za kutokea zenyewe hazizimwi kamwe, ni za usalama.

Ukishaona kasoro, sema hapohapo. Hili ndilo ningeomba kila msomaji alishike. Toka, mtafute msimamizi wa zamu, mweleze kwa upole, na mpe nafasi ya kurekebisha. Kasoro nyingi, kama lenzi isiyolengwa vizuri au taa za ukumbi zilizosahauliwa, hurekebishwa kwa dakika mbili. Usikae saa mbili na nusu hadi majina ya waigizaji yaishe, kisha ukadai pesa zote. Umetumia huduma hadi mwisho, na ukumbi utakuwa na hoja. Ukiondoka mapema, omba urudishiwe pesa au upewe tikiti ya siku nyingine, na andika jina la aliyekujibu au cheo chake, na alichosema.

Wasipokusikiliza, sheria iko nawe. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma zenye ubora wa kuridhisha, na haki ya taarifa anazohitaji ili anufaike nazo. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012, kifungu cha 5, inamchukulia muuzaji kuwa ameahidi ubora huo hata kama hakuandika popote. Na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010, kifungu cha 55, inakataza kumdanganya mtumiaji kuhusu kiwango au ubora wa kile anachouziwa. Ukumbi unaotangaza picha ya hali ya juu, ukatoza bei ya hali ya juu, kisha ukaonyesha kwa taa iliyokwisha muda, unajiweka mahali pabaya. Adhabu iko kwenye kifungu cha 70 cha Sheria hiyo ya Ushindani: akipatikana na hatia mahakamani, mhusika anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 10, au kifungo kisichozidi miaka 5, au vyote viwili. Nataka ieleweke kwamba hicho ni kikomo, si bei maalum, na kwamba hatia huthibitishwa na mahakama. Pia faini huenda serikalini. Wapo wanaopiga simu kuuliza watapata lini sehemu yao ya hizo milioni 10. Hakuna sehemu yao.

Malalamiko ya aina hii huelekezwa kwetu, Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, bila ada. Andika jina lako na namna ya kukupata. Jina na mahali pa ukumbi. Tarehe na saa ya onyesho. Namba ya ukumbi wa ndani na ya kiti. Jina la filamu na aina ya onyesho kama ilivyotangazwa, iwe 2D, 3D au nyingine. Uliona nini hasa na kuanzia wakati gani. Ulimwambia nani na alijibu nini. Na unaomba nini. Ambatisha tikiti, ujumbe wa malipo ya M-Pesa, na nakala ya tangazo lililokuvutia. Namba ya kiti si urasimu, kwa sababu kama nilivyoeleza kuhusu skrini za fedha, bila hiyo hatujui kama kasoro ilikuwa ya ukumbi mzima au ya pembe yako.

Usiambatishe video ya skrini uliyopiga kwa simu. Kwanza, kamera ya simu hujirekebisha mwanga yenyewe, hivyo haithibitishi chochote. Pili, kurekodi filamu ndani ya ukumbi ni kukiuka hakimiliki, na tumewahi kupokea "ushahidi" ambao ungemtia matatani mlalamishi kabla ya anayelalamikiwa. Tafadhali acheni.

Bodi ya Uainishaji wa Filamu, KFCB, nayo hupelekewa barua ambazo si zake. Kazi yake ni leseni za maonyesho na maudhui, yaani nani atazame nini: GE (watu wote), PG (watoto wakiongozwa na wazazi), 16 na 18 (umri). Mtoto akiruhusiwa kuingia filamu ya 18, nenda huko. Taa ikififia, siko.

Anayetaka kurudishiwa pesa kwa amri anaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, hutakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 60 tangu dai lisajiliwe, na ambamo unaweza kujiwakilisha mwenyewe bila wakili. Kwa tikiti moja gharama na muda huenda visilingane na dai. Kwa shule iliyokodi ukumbi mzima ili wanafunzi watazame filamu, au kampuni iliyolipia wafanyakazi wake, hesabu ni tofauti kabisa, na nashangaa jinsi wachache wanavyoitumia njia hii.

Kwa wenye vibanda vya video mitaani, hatuwatarajii wafikie kandela 48 kwa projekta ya ofisini na mlango wenye pazia. Lakini ubora wa kuridhisha unawahusu nao: mlichotangaza ubaoni ndicho kionekane ukutani.

Kwa wenye kumbi za kudumu, likizo ya Aprili iko karibu na watoto watajaa. Mita ya kupimia mwanga si kifaa cha anasa kwenye biashara hii. Pimeni kila skrini, na mwandike tarehe, saa ambazo taa imetumika, kipimo cha katikati na cha pembe nne, na jina la aliyepima. Lalamiko likifika mezani kwetu, barua yetu ya kwanza itaomba kitu kimoja: kumbukumbu za vipimo za miezi kumi na miwili iliyopita, skrini kwa skrini.