Tepu haihamishi matundu vizuri kama unavyodhani

Wengi huamini kwamba ukipima kwa tepu kwa makini, matundu unayotoboa kwenye kitako, yaani bamba la kufungia kifaa, yatalingana na ya kifaa hicho. Sivyo. Bolti ya milimita 6 kwenye tundu la 6.5 ina nafasi ya robo milimita tu kila upande. Unene wa mstari wa penseli waweza kuimaliza. Kifaa chenyewe ndicho kiolezo. Kibane juu ya kitako kwa klempu, ingiza biti (ncha ya drili) inayojaa tundu lake, izungushe hadi iache kidoa, kisha toa kifaa na utoboe kwanza kwa biti ya milimita 3. Usitie alama zote kwa mpigo! Maliza tundu moja, funga bolti, ndipo utie alama kwenye tundu la mshazari. Penseli nayo hudanganya: ikilala kidogo ndani ya tundu, kitovu kimeshahama.