Kwa nini msimu wa maembe watoto hutoka upele mdomoni?

Hapa Lubumbashi mvua za Novemba na Desemba huja na maembe, na maembe huja na watoto wenye midomo iliyovimba. Jirani yangu wa Katuba aliniletea mwanawe wa miaka sita siku ya Jumatatu: pembe za mdomo zimechubuka, mashavuni vipele vidogo vyenye maji, mikono haiachi kukuna.

"Ni wale samaki wa jana," mama akasema. Nikamuuliza kama kwenye lupango lao, yaani uani kwao, kuna mwembe. Upo, na mtoto alishinda juu yake Jumamosi nzima.

Samaki wameonewa. Mara nyingi kinachosumbua si nyama ya embe, ni ganda lake na utomvu unaochuruzika kikonyo kinapokatika. Mna mafuta ya jamii ya kemikali ziitwazo resosinoli, ndugu wa yale ya ganda la korosho yanayobabua mikono ya wabanguaji kule Mtwara. Mwembe na mkorosho ni ukoo mmoja.

Mafuta hayo hupenya ngozi na kushikamana na protini zake. Chembe nyeupe za damu, walinzi wa mwili, huiona ngozi hiyo kama imevaa sare ya adui. Mwanzoni huikariri sura tu, mtoto asihisi kitu, ndiyo maana utasikia, "Mbona mwaka jana alikula vizuri?" Wakikutana nayo tena, wanashambulia. Ila hawana haraka: huchukua siku moja hadi tatu kujikusanya, na kufikia hapo embe limeshasahaulika, mchawi anatafutwa kwenye sufuria ya jana. (Upupu ni mambo mengine: unawasha papo hapo, na haumchagui mtu.)

Kwa nini mdomoni? Mtazame mtoto akila. Kisu hana. Anang'ata ncha, anavuta ganda kwa meno, kisha anafyonza kokwa mpaka mashavu yanang'aa.

Kwa hiyo usimnyime embe. Likishaoshwa, mmenyee, ganda litupwe. Akigusa utomvu, maji matupu hayatoshi kwa kuwa ni mafuta. Tumia sabuni, na kucha zisisahauliwe: ndizo hufikisha utomvu kwenye kope. Upele wenyewe hauambukizi. Kitambaa cha maji baridi hutuliza muwasho, na kwa kawaida ndani ya wiki mbili umekwisha. Kinachonikera ni watu kukimbilia krimu za kujichubua. Baadhi zina kotizoni kali, dawa ya kutuliza uvimbe wa ngozi: muwasho unapoa kweli, lakini ngozi ya uso wa mtoto inakuwa nyembamba. Macho yakivimba mpaka kufunga, au pumzi ikibana, ni hospitali saa hiyo hiyo.

Jirani alisikiliza yote, kisha akauliza: na yule kaka yake, anayetafuna embe bichi na ganda lake, chumvi na pilipili juu, mbona hana hata kipele?

Si kila mwili huikariri ile sura. Wake haujaikariri, angalau msimu huu.