Ndege wa Skrapu Huanzia Miguuni

Kando ya ziwa hapa Kisumu, hasa upande wa Dunga, hukosi kumwona fundichuma akinyemelea vyura kwenye maji ya kina kifupi. Ni ndege wa kahawia, urefu wake sentimita 56 hivi, na kichwa kimechongoka mbele na nyuma kama nyundo. Naye ni mwokotaji kama sisi mafundi wa skrapu: kiota chake huweza kupita mita moja na nusu kwa upana, kimejengwa kwa maelfu ya vijiti na kupambwa kwa mifupa, matambara na plastiki. Nitamtumia yeye kueleza jinsi sanamu ya skrapu inavyoundwa na kuwekwa mbele ya watu. Wetu atakuwa na kimo cha mita moja, karibu mara mbili ya ndege halisi.

Wanaoanza kazi hii huanza na kichwa kwa sababu ndicho kinachofurahisha. Mdomo unatoka vizuri, macho yanang'aa, halafu mwili unatafutiwa miguu baadaye na ndege anainamia mbele kama mlevi. Hapo fundi huongeza chuma mkiani, uzito unazidi, miguu nayo inaanza kupinda. Mwisho ndege anaegemezwa ukutani. Kwa hiyo sura isubiri. Panga kwanza uzito utakaa wapi na utashuka chini kupitia nini.

Lakini kabla hata ya hapo kuna swali la chuma chenyewe kimetoka wapi. Pale soko la Kibuye utapata cheni za pikipiki, sproketi, spoki, majembe yaliyolika na majani ya springi za pikapu, vyote kwa kilo. Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 inamtaka mfanyabiashara wa skrapu awe na leseni. Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara hiyo yote baada ya minara ya umeme kuhujumiwa, ikairuhusu tena miezi michache baadaye. Nunua kwa mwenye leseni na uombe risiti. Kipande chochote cha reli, mfuniko wa shimo la maji taka, alama ya barabarani au waya wa shaba wa laini ya umeme, kiache hata kama umbo lake linakuita. Sanamu huwekwa hadharani, na aliyeibiwa naye hupita hapo.

Ukishaleta mzigo nyumbani, usiamini macho. Gusisha kila kipande kwenye diski ya kusagia uangalie cheche. Chuma laini cha kawaida, kama nondo nyingi na paipu, hutoa cheche ndefu za manjano zenye matawi machache. Chuma chenye kaboni nyingi, kama jembe, panga na springi, cheche zake hupasuka mwishoni kama fataki. Chuma cha kusubu, mfano drum ya breki, hutoa cheche fupi, nyekundu na hafifu. Aluminiamu haitoi cheche yoyote, na huziba diski; ukishaitambua iweke kando.

Kipimo hiki cha sekunde mbili ndicho kinachoamua namna ya kuunga. Chuma laini unakichomelea tu. Chuma cha kusubu ukikichomelea kwa rodi ya kawaida ya kuchomelea, kitapasuka kandokando ya kiungo kikianza kupoa, na utasikia kikilia "tik". Mimi sikihangaishi: nakitumia kama uzito, kikiwa kimefungwa kwa bolti chini ya kitako, yaani bamba analosimamia ndege. Springi na jembe ni hatari zaidi kwa sababu kiungo huonekana kizima siku ile, kisha hukatika kama kigae sanamu ikigongwa wiki tatu baadaye. Sababu ni kwamba joto la rodi likipoa ghafla huigeuza sehemu iliyo jirani na kiungo kuwa ngumu na dhaifu kama glasi.

Dawa yake ni kupasha na kupoza polepole. Safisha sehemu ndogo ya kipande hadi ing'ae, kiweke juu ya makaa, utazame rangi ikibadilika: manjano ya majani makavu, kisha zambarau, kisha buluu. Buluu ikijitokeza, ni karibu nyuzi 300. Chomelea hapo hapo kwa rodi ya aina ya 7018 iliyo kavu, halafu kizike kwenye jivu hadi kesho yake. Rodi iliyovuta unyevu, na mji wetu una unyevu wa kutosha, hurukaruka na kuacha vishimo ndani ya kiungo. Pakiti ikishafunguliwa, zihifadhi kwenye mkebe wenye mfuniko wa kubana.

Sasa mwili. Kunja nondo za milimita 10 utengeneze kizimba chenye umbo la yai, urefu sentimita 45 na upana 25. Ongeza nondo ya shingo, na mwishoni mwake funga kwa waya mdomo na kishungi bila kuchomelea. Mdomo ni ncha ya jani la springi, sentimita 16 hadi 18. Kishungi ni kipande cha jembe lililolika. Laza paipu chini na uweke kizimba juu yake kwa kukikingamisha. Kisogeze mbele na nyuma mpaka kisiangukie upande wowote, kisha piga mstari wa chaki pale paipu ilipogusa. Vidole vya ndege lazima vikae chini ya mstari huo. Mapaja yanaweza kuwa nyuma kidogo, kama yalivyo kwa ndege halisi, ila vidole havina ruhusa. Hapa fundichuma anatuhurumia: kishungi cha nyuma kinapunguza uzito wa mdomo wa mbele, jambo ambalo korongo mwenye mdomo mrefu hawezi kukufanyia.

Miguu ni nondo ya milimita 16, ambayo ina uzito wa kilo 1.58 kwa mita. Kila mguu uingie hadi ndani ya kizimba na uchomelewe sehemu mbili zilizoachana angalau sentimita 10. Ukiushika sehemu moja tu, mwili utakuwa ukizunguka kidogo kila unapobebwa, na kiungo kitachoka. Chini, usiukalishe mguu juu ya bamba la kitako. Toboa bamba, upitishe mguu, uchomelee upande wa chini. Bamba la milimita 8 lenye sentimita 50 kwa 50 lina karibu kilo 16, na linatosha kwa ndege wa kilo 20 au 25. Vidole ni bolti zilizokunjwa, vitatu mbele na kimoja nyuma, na havibebi chochote.

Kwa kazi hii ya mifupa, rodi ya geji 12 (milimita 2.5 hivi) kwa ampea 70 hadi 90 inafaa. Shikiza kwanza kwa nukta, upande huu kisha ule, kwa kuwa mstari mrefu wa upande mmoja huvuta chuma ukipoa na kumpindisha ndege shingo.

Manyoya yanatoka kwenye pipa la mafuta lililokatwa vipande vya sentimita 4 kwa 9. Utahitaji kama 150 ukiacha sentimita 5 za kila unyoya zionekane. Anza mkiani ukipanda kuelekea shingoni, kama anayeezeka nyumba ya nyasi, ili maji yateremke. Bati hilo ni jembamba, hivyo tumia rodi ya milimita 2 na ampea 40 hadi 55, nukta moja kwa kila unyoya, na usirudie palepale kabla hapajapoa.

Cheni ya pikipiki hufaa shingoni, lakini ichemshe kwanza kwa maji na sabuni ya unga hadi grisi itoke. Grisi ikiungua hujaza kiungo mapovu. Kuhusu macho, beringi ya namba 6202 inapendeza, ila beringi haichomelewi, kwa kuwa nayo ni chuma cha kaboni nyingi na itabanduka. Tundu lake ni milimita 15. Pitisha bolti ya milimita 14, uchomelee bolti hiyo kwa nyuma, na kichwa chake kitakuwa mboni.

Vitu vitatu havisamehi. Pipa au tangi lililowahi kubeba petroli lina mvuke unaolipuka hata likiwa tupu na kavu, kwa hiyo lioshe vizuri na ulijaze maji kabla ya kuligusa kwa moto. Shoki ya gari ina shinikizo ndani; usiipashe joto. Mabati na nati zilizopakwa zinki hutoa moshi mweupe, kwani zinki huchemka kwenye nyuzi 907 wakati chuma huyeyuka karibu na 1,500. Ukiuvuta, homa na baridi vitakujia usiku, na watu wengi hudhani ni malaria. Saga zinki yote kwanza, ufanye kazi mahali penye upepo.

Kwa rangi, fundichuma tayari ana rangi ya kutu, basi kutu iwe yetu. Mloweshe maji kila jioni kwa siku kadhaa, kisha sugua kwa brashi ya waya hadi unga usitoke tena mkononi, kausha kabisa juani, paka vanishi mara mbili. Vanishi juu ya kutu inayotoa unga itabanduka kama ngozi ya nyoka. Oili chafu ya injini inapendwa sana kwa kuwa haina gharama, lakini huchafua nguo za watazamaji na sakafu ya mwenye ukumbi.

Kwenye maonyesho, pitisha kidole kilichovishwa kitambaa chembamba kila mahali palipo chini ya mita 1.2, yaani mkono wa mtoto unapofika. Kitambaa kikinasa, saga. Gundisha mpira wa tairi chini ya bamba. Taa iwekwe ubavuni na chini kidogo ili manyoya yatupe vivuli. Taa ya juu humfanya awe bonge moja jeusi. Kwenye kibao andika vitu vilivyotumika, ila usimjaze ndege vitu vinavyotambulika upesi. Picasso, msanii wa Kihispania, mwaka 1942 alifanya kichwa cha fahali kwa kiti na usukani wa baiskeli tu, na ukikitazama unaona fahali kwanza. Gia kumi na mbili kifuani hugeuza ndege kuwa duka la spea.

Akikaa nje, toboa matundu ya milimita 8 tumboni na popote maji yanapoweza kutuama, na umpake vanishi upya Februari, kabla mvua za masika hazijaanza.