Meno Hayavuliwi Ndipo Mtu Aimbe

Alhamisi iliyopita mzee mmoja aliingia kliniki akiwa ameshika leso iliyofungwa fundo. Anaimba besi katika kwaya ya kanisa moja huku Eastlands, Nairobi, na ameimba humo tangu ujana wake. Alifungua leso juu ya meza yangu, na ndani mlikuwa na seti yake ya meno bandia, ya juu na ya chini, kavu kama vipande vya sabuni vilivyoachwa juani. "Daktari," akaniambia, "mwalimu wa kwaya amesema niyavue kabla ya kuimba. Eti yanakula sauti."

Huyo ni wa tatu mwezi huu. Maneno hayo nimeyasikia kwa walimu wa kwaya, kwa watoto wanaomleta mama yao kliniki, kwa wanamuziki wa bendi waliopiga dansi mjini miaka hiyo, na kinachoniuma zaidi ni kwamba nimeyasikia pia kwa madaktari wenzangu. Mgonjwa akilalamika kwamba meno yanamdondoka akiimba, anajibiwa, "Ukipanda jukwaani yavue tu." Nimechoka kulijibu jambo hili mgonjwa mmoja mmoja, kwa hiyo leo naliandika lote.

Sauti haitoki menoni. Inaanzia kwenye zoloto, hapo kooni, hewa ya mapafu inapotikisa nyuzi za sauti, na meno bandia hayafiki huko. Kazi ya kinywa ni kuipa sauti hiyo umbo ili iwe neno. Ukivua meno unakivunja chombo kinachotoa umbo. Midomo inakosa pa kuegemea, inazama ndani. Taya la chini linapanda kupita kimo chake. Ulimi unatanuka kuijaza nafasi iliyobaki. Mwambie mtu asiye na meno ya juu atamke "fadhili" na utasikia mwenyewe: F inahitaji ncha za meno ya juu ziguse mdomo wa chini, na hakuna cha kugusa. Watu wa viti vya nyuma watasikia noti, neno hawatalipata.

Halafu kuna suala la mazoea. Ulimi unaijifunza nyumba yake mpya kwa kupita pale pale mara elfu. Mtu anayevaa meno kula na kuongea, kisha akayavua kila Jumapili na kila siku ya mazoezi, anaufundisha ulimi wake nyumba mbili, na ile ya kuimbia ndiyo isiyo na kuta. Miezi sita baadaye anasema meno yamemshinda. Hayajamshinda. Hajawahi kuimba nayo.

Lakini mwalimu wa kwaya hakuota. Aliona kitu cha kweli: mzee alipofungua kinywa kutoa "Haleluya", seti ya juu ilishuka. Tatizo lipo, ila dawa yake siyo leso. Meno ya bandia tunayapima mgonjwa akiwa ameketi, anaongea kwa adabu, kinywa nusu. Kisha tunamruhusu aende, naye anakwenda kuyafanyisha kazi ambayo hatukuyajaribu nayo kamwe. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo kwa miaka mingi. Sasa mwimbaji akija kwangu lazima aimbe kwenye kiti, tangu siku ya majaribio ya nta, meno yakiwa bado yamepangwa kwenye nta tu, kabla seti haijatengenezwa kwa akriliki, ile plastiki ngumu. Wauguzi wamezoea.

Basi nikayaloweka meno ya mzee kwanza, kisha nikamwomba aimbe. Aliona haya kidogo, akaimba. Ubeti mzima seti haikutikisika. Akafika kwenye ile "Ha", taya likafunguka lote, na seti ya juu ikaachia upande wa kushoto. Nikaipaka kingo zake ile krimu nyeupe ya kuonyesha panapobanwa, nikairudisha kinywani, nikamwambia aimbe hapo hapo mara tatu. Nilipoitoa, krimu ilikuwa imefutika sehemu moja tu: ukingo wa nyuma, upande wa shavu la kushoto, mahali padogo kuliko punje ya mahindi. Taya la chini lina pembe ambayo mtu akifungua kinywa sana husogea mbele na kuingia katikati ya shavu na taya la juu. Mtu anayeongea haifikishi huko. Mwimbaji anaifikisha kila kiitikio. Ukingo ukiwa mnene, pembe inausukuma, hewa inaingia, seti inashuka. Nikaukwangua ukingo huo, haikufika hata milimita moja, nikaupiga msasa mwororo ukang'aa. Akaimba tena. Ikakaa.

Tafadhali usichukue tupa ukajaribu hivyo nyumbani. Nimeletewa meno yaliyochongwa kwa wembe na kwa msasa wa seremala, na kila mara aliyechonga alitoa pasipostahili.

Sasa niingie kwenye jambo linaloninyima usingizi, yaani ukingo wa nyuma wa seti ya juu. Seti ya juu haishikwi na kitu chochote cha ajabu. Inashikwa na utando mwembamba wa mate na kufungwa vizuri pande zote ili hewa isipenye. Nyuma, muhuri huo unakaa pale kaakaa gumu linapokutana na kaakaa laini. Ndiyo maana tunakuambia useme "aaa": tunatafuta mstari ambapo nyama inaanza kucheza. Kwa mtu wa kawaida "aaa" hiyo inatosha. Mwimbaji akipanda noti za juu, kaakaa lake laini hupaa kuliko linavyopaa akiongea, ndivyo alivyofundishwa. Ukingo uliovuka mstari kidogo tu utasukumwa na nyama hiyo kila anapopanda, na muhuri utavunjika. Ukiukata ukingo mfupi ili uwe salama, muhuri unakosa mahali laini pa kukaa, nao hauzibi kabisa.

Hapa nina deni la kweli. Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja wa sauti ya kwanza alilalamika kwamba seti inamtia kichefuchefu. Nikakata nyuma. Akarudi, nikakata tena. Kichefuchefu kilipungua, na seti ikaanza kudondoka hata akisalimia watu. Nilikuwa nimekata muhuri wote. Nikairudia seti kwa gharama yangu, na safari hii nilimwimbisha noti yake ya juu kabisa huku nikitazama kaakaa kwa kioo, nikachora mstari akiwa juu na mwingine akiwa chini. Mistari hiyo miwili haikulingana. Tangu siku hiyo siamini "aaa" moja kwa mwimbaji yeyote. Hata hivyo sitadai kwamba nimepata kanuni. Kati ya mistari hiyo miwili bado nachagua kwa jicho na kidole, na kuna siku nachagua vibaya.

Kuna la S pia, na katika Kiswahili S haikwepeki: sifa, msalaba, usiku, salamu. Unapotamka S, meno ya juu na ya chini husogeleana mpaka yanabakiza kama milimita moja bila kugusana. Fundi akiyapanga marefu mno yanagongana, na kipaza sauti kinayatangaza hayo makofi kanisa zima. Jaribio langu ni rahisi: hesabu kutoka sitini hadi sabini, haraka. "Sitini na sita, sitini na saba." Ukisikia meno yanapiga kwato, kimo kimezidi. Kisha tunatazama mfereji ambao ulimi unaacha katikati kupitisha hewa. Akriliki nyuma ya meno ya mbele ikiufanya mfereji uwe mwembamba mno, S hupiga mluzi. Ukiwa mpana mno, S inageuka SH na "sifa" inakuwa "shifa". Hilo mazoezi hayaliondoi kama umbo ni baya, lakini kama umbo ni zuri linaisha ndani ya wiki chache. Baada ya hapo nasikiliza "thelathini na tatu" na "dhahabu", ulimi unapopita kati ya meno. F nazo nazisikiliza. Meno ya mbele ya juu yakiwa marefu, "fadhili" inaanza kusikika "vadhili".

Kabla ya kuyapanga meno ya mbele ya chini, uliza. Wazee wengi wa Kiluo waling'olewa meno 6 ya mbele ya chini walipokuwa vijana, na kwa Wamaasai hung'olewa 2. Pengo hilo si ugonjwa. Mzee ameimba nalo miaka 50, ulimi wake unalijua kama mlango wa nyumba yake. Kijana wa maabara anampangia meno 14 kamili kama ya kwenye picha, na mzee anapotea ndani ya kinywa chake mwenyewe. Mmoja aliniambia, "Mwanangu, umenifungia mlango." Nikamwachia pengo kwenye seti, akaridhika. Wengine wanataka lizibwe, na hiyo ni haki yao. Muhimu ni kuuliza.

Seti ya chini ndiyo inayotesa, wala usidanganywe na mtu. Haina kaakaa la kujibandika, ulimi unaisukuma kutwa, na baada ya meno kung'olewa mfupa wa taya la chini huisha haraka kuliko wa juu, kwa kadiri ya mara nne miaka ikipita. Habari njema kwa waimbaji ni kwamba mnalijua tayari dawa lake. Mwalimu yeyote mzuri wa sauti hukuambia ncha ya ulimi ipumzike nyuma ya meno ya chini. Hapo hapo ndipo ulimi unapoikalia seti na kuizuia isiinuke. Wanaoteseka zaidi ni wale wanaovuta ulimi nyuma wakitafuta sauti nzito, na wanabesi ndio wanaoongoza kwa hilo. Ikishindikana kabisa, vipandikizi viwili vya mbele, yaani skrubu za chuma zinazopandwa kwenye mfupa wa taya, vinaweza kuishika. Wataalamu waliokutana Montreal, Kanada, mwaka 2002 walipendekeza kwamba kwa taya la chini lisilo na meno seti inayoshikwa na vipandikizi viwili iwe ndiyo chaguo la kwanza. Wengi wa wagonjwa wangu hawana pesa hizo, na siwezi kujifanya kwamba wanazo.

Gundi: kidogo sana, vidoto vitatu, juu ya seti kavu. Ukihitaji kujaza nusu ya tyubu, seti hailingani na ufizi tena, rudi itiwe akriliki mpya upande unaokalia ufizi. Gundi yenye zinki nyingi ikitumiwa ovyo kwa muda mrefu huharibu neva. Dawa za presha nyingi zinakausha mate, na bila mate muhuri haupo, kwa hiyo kunywa maji kabla ya kuimba na umweleze daktari wako. Usiku yavue uyalaze kwenye maji baridi. Maji moto yanayapinda, na leso inayakausha, kwa hiyo mzee wangu ameahidi kopo lenye kifuniko. Yasugue kwa sabuni, dawa ya meno inayakwangua. Na kama ulivishwa seti siku ile ile uliyong'olewa, jua itapwaya miezi michache ijayo maana ufizi unasinyaa. Si kosa lako.

Limebaki moja ambalo vitabu vinalipita kwa sentensi. Waimbaji wananiambia sauti "imefunikwa". Walizoea kuuhisi mtetemo kwenye kaakaa, ndiko walikojua kwamba noti imekaa, na sasa pana bamba la kama milimita 2 katikati. Vitabu vinasema mgonjwa atazoea. Wengi wanazoea kweli. Nawaambia wajirekodi kwa simu iliyowekwa mwisho wa chumba, na mara nyingi wanashangaa kwamba sauti ni ile ile. Bamba la chuma ni jembamba zaidi, na linapitisha joto la chai, kwa hiyo baadhi wanalipenda. Lakini ninao wachache, waimbaji wazuri kabisa, ambao baada ya mwaka mzima bado wanasema kuna pazia. Meno yamekaa barabara, rekodi ni nzuri, na pazia lipo. Nawaamini. Nimewabadilishia unene, nimewarudishia mikunjo ya kaakaa kwenye akriliki, na mmoja tu ndiye aliyesema kuna nafuu.

Mzee wa besi alirudi Jumatatu. Ameimba mazoezi mawili na meno yakiwa kinywani, na "Haleluya" haimsumbui tena. Kinachomshinda ni neno "Zaburi", Z inapiga mluzi. Nimepunguza akriliki kidogo nyuma ya meno mawili ya mbele, na tumepanga aje Ijumaa asubuhi, aje na mwalimu wake wa kwaya.